Nimesoma na Nimeelewa

Kwa miaka ishirini na sita nimeishi kwa maneno ya Waingereza. Wao wanaandika, mimi nayatia katika Kidenmaki, kisha natuma hati na kuendelea na maisha yangu. Nimetafsiri maelezo ya mashine za kukamulia ng'ombe, mikataba ya meli ambazo sitazipanda, na zile karatasi za ndani ya pakiti za dawa zinazomweleza mgonjwa njia zote ambazo dawa inaweza kumuua. Yote hayo hayakunikosesha usingizi. Kilichonikosesha usingizi ni kitabu cha kanuni cha kiwanda cha ngazi cha Hvidbak, tena si chenyewe, ila watu thelathini na mmoja waliokataa kukitia saini.

Hvidbak iko Salling, wilaya ya mashambani huku Denmark, nusu saa kwa gari kutoka kwangu Skive. Wanatengeneza ngazi za ndani ya nyumba, za mwaloni na za mbao nyeupe, na wamekuwa wakizitengeneza tangu babu yangu akiwa na meno yake yote. Mwaka ule kiwanda kilinunuliwa na kampuni moja ya Leeds, Uingereza, na kabla hata bango la getini halijabadilishwa kikaja kitabu: kurasa arobaini na moja za sera za kampuni, kwa Kiingereza, pamoja na barua ya kuniomba nikitafsiri kabla ya Agosti kwisha.

Nimezizoea sera za Waingereza kama mtu anavyomzoea jirani anayeongea sana. Mwingereza hakutishi hivihivi. Kwanza anavaa suti. Anaandika kwamba kampuni inahifadhi haki, kwa hiari yake pekee na bila kuathiri yaliyotangulia, ya kuchukua hatua za kinidhamu zinazoweza kufikia na kujumuisha usitishaji wa ajira. Ukimpa seremala wa Salling sentensi hiyo kama ilivyo, atavua kofia akidhani kuna mtu amekufa. Mimi niliandika: "Ukivunja kanuni hizi unaweza kuonywa, na unaweza kufukuzwa." Basi. Watu wa kwetu wanataka kujua mvua inanyesha au hainyeshi.

Kuna sentensi nyingine iliyonikalisha asubuhi nzima. Walisema watu wao ndio rasilimali yao yenye thamani kuliko zote. Kwa Kiingereza kila kampuni inasema hivyo na hakuna anayesikia. Kwa Kidenmaki inakuwa kama mtu anahesabu mbao ghalani. Nikazunguka chumba, nikanywa vikombe viwili vya kahawa, nikaandika: "Bila nyinyi hakuna ngazi." Nilijipongeza sana kwa hilo. Nasema wazi ili ujue nilikuwa na kiburi cha namna gani siku simu ilipolia.

Aliyepiga ni Mogens, meneja wa kiwanda, mtu mpole anayeongea kana kwamba anaomba radhi kwa kuzaliwa. Alisema vitabu vimegawiwa Jumatatu, kila mfanyakazi na chake, na mwishoni mwa kila kitabu kuna karatasi ya kuchana yenye mstari mmoja: nimesoma na nimeelewa. Karatasi zote zilitakiwa zifike Leeds Ijumaa saa sita mchana. Ambaye karatasi yake haitakuwepo atahesabiwa kuwa ameacha kazi mwenyewe. Sasa ilikuwa Jumanne, na karatasi aliyokuwa nayo mkononi ilikuwa moja, ya kwake.

Nikamuuliza wanakataa nini. Akasema hajui. Akakohoa kidogo, akasema labda ni tafsiri.

Damu ilinichemka. Nilichukua ufunguo wa gari nikiwa bado na viatu vya nyumbani, ikabidi nirudi.

Kiwandani nilipokewa na Gerda Toft, mwakilishi wa wafanyakazi, mwanamke mwenye mikono yenye rangi ya vanishi hadi viwikoni na sauti ya kupita mashine nne. Alinipeleka kwenye kona ya kantini akanieleza mambo yalivyokwenda. Jumatatu alisimama mbele ya watu, akasoma ule mstari wa mwisho kwa sauti, akawaambia hapa mnasaini kwamba mmesoma na mmeelewa. Wengi walikuwa wameshashika kalamu. Ndipo Ejvind Krogh, aliyekaa karibu na dirisha, akaikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfuko wa shati, akasema, "Mimi sisaini." Akarudi kwenye msumeno wake.

Ili uelewe uzito wa maneno hayo mawili, ni lazima umjue Ejvind. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, thelathini na minne kati ya hiyo ndani ya Hvidbak. Ngazi za kupinda, zile ambazo kila kipandio kina umbo lake, zilikuwa zake peke yake. Kwa wiki nzima alikuwa anasema maneno kama kumi, na saba kati ya hayo ni asante. Hajawahi kugoma, hajawahi kulalamika hata kuhusu supu ya kantini. Mtu kama huyo akikataa kitu hadharani, kila mtu anajua kuna jambo zito.

"Ikabidi tukae naye," Gerda alisema. "Huwezi kumwacha Ejvind asimame peke yake."

"Sasa amekataa kwa sababu gani?"

Gerda alinitazama kana kwamba nimemuuliza rangi ya chupi yake. "Sasa hilo nani amuulize?"

Na hapo ndipo penyewe. Mimi mwenyewe ni wa Salling, nimezaliwa kilomita kumi na mbili kutoka pale, kwa hiyo sikushangaa kama ambavyo ningepaswa kushangaa. Kwetu mtu haulizwi kwa nini. Jirani akipaka nyumba yake nyeusi, unamwambia naona umepaka. Mtu akiachwa na mkewe, unamletea viazi. Kuuliza ni kuingia chumbani kwa mtu bila kubisha hodi. Basi watu thelathini walikuwa tayari kupoteza kazi kwa ajili ya sababu wasiyoijua, kuliko kumkera mwenzao kwa swali moja.

Gerda aliniambia chama cha wafanyakazi kingewatetea na kesi pengine wangeshinda, lakini ingechukua mwaka, na kufikia hapo mashine zingekuwa zimeshapakiwa kwenda kwingine. Wakubwa wa Leeds walikuwa na kiwanda kingine cha ngazi, na kila mtu alilijua hilo. Alisema yote haya kwa utulivu huku akikata mkate wake mweusi uliopakwa maini ya kusaga vipande vinne sawasawa.

Nilimwambia basi mimi nitamuuliza. Mimi ni mtu wa nje, nimekuja kwa ajili ya maneno yangu, na kama kuna neno langu lililomchoma Ejvind nataka kulijua. Gerda akasema hayo ni yangu, yeye hakunituma.

Ejvind alitoka kazini saa tisa alasiri. Nilimfuata kwa gari hadi nyumbani kwake, nyumba ya matofali mekundu yenye bustani ya viazi iliyoanza kuota magugu. Hakushangaa kuniona. Alisema kuna kahawa. Jikoni mlikuwa safi, kiti kimoja kimesogezwa ukutani, na kwenye kigingi cha mlangoni kulikuwa na aproni ya kike. Nikakumbuka kusikia kwamba mkewe, Ragnhild, alifariki Februari. Nikampa pole. Akatikisa kichwa, akamimina kahawa.

Mimi nikiwa kazini huwa naweka kurasa mbili sambamba: Kiingereza kushoto, Kidenmaki kulia. Ndivyo nilivyofanya mezani kwake. Nilimwambia, kwa sauti kali kuliko nilivyokusudia, kwamba nimefanya kazi hii miaka mingi na siogopi kusahihishwa, ila nataka nionyeshwe. Sentensi gani mbaya? Anionyeshe kwa kidole.

Ejvind aliutazama ukurasa muda mrefu. Aliupapasa kwa kiganja, kama anavyopapasa ubao kuona kama randa imepita vizuri. Kisha akaweka kidole katikati.

"Hii," alisema. "Haijakaa sawa."

Nilitazama. Ulikuwa ukurasa unaohusu milango ya kutokea moto ukiwaka. Na kidole chake kilikuwa upande wa kushoto.

Nilifungua mdomo nimwambie amekosea upande, halafu nikaufunga. Maana nilidhani kwanza labda anajua Kiingereza. Halafu nikaona kidole hakiondoki. Kimebaki palepale, na ukucha wake umekuwa mweupe kwa jinsi alivyokuwa anakandamiza, na macho yake hayakuwa kwenye karatasi kabisa, yalikuwa kwangu, yananisubiri nitasema nini. Uso ulipata joto kwa aibu, na aibu hiyo ilikuwa yangu, si yake.

"Ejvind," nikasema polepole, "huo ni Kiingereza."

Akaondoa kidole.

"Ragnhild ndiye aliyekuwa anasoma," alisema.

Baada ya hapo aliongea zaidi ya nilivyoambiwa anaongea kwa mwaka. Shuleni mwalimu alimketisha nyuma, karibu na jiko la makaa, na kazi yake ikawa kuongeza makaa. Namba hazikumpa shida, namba zilikuja zenyewe. Herufi zilikuwa hazitulii. Ragnhild alijua tangu wiki ya kwanza ya uchumba wao, na hakulitaja tena. Kila karatasi ya kiwandani ilikwenda nyumbani ndani ya shati na ikarudi asubuhi ikiwa imesomwa, kila kitu kimehifadhiwa kichwani mwa Ejvind neno kwa neno. Alijua kuandika jina lake vizuri kabisa. Jina lake na la mkewe.

Nikamuuliza kwa nini basi asiandike tu hilo jina. Wangapi wanasaini vitu bila kusoma? Mimi mwenyewe nilikuwa nimesaini bima ya gari juzi bila kugeuza ukurasa.

"Gerda alisoma kwa sauti," alisema. "Imeandikwa nimesoma. Sijasoma. Nikiweka jina langu chini ya hapo nitakuwa nimeandika uongo, na jina langu ndicho kitu pekee ninachojua kuandika."

"Na wenzako wote thelathini? Umewaona kwamba nao hawajasaini?"

"Nimewaona," alisema Ejvind. "Nilidhani wana sababu zao."

Hakuwauliza. Hawakumuuliza. Kiwanda kizima kilikuwa kinakwenda na maji kwa adabu.

Aliniomba jambo moja tu, nisiwaambie. Alisema afadhali afukuzwe kama mkaidi kuliko kubaki kama mtu asiyejua kusoma. Nilimwahidi. Niliendesha gari kurudi Skive nikiwa na hasira, na kwa mara ya kwanza wiki ile hasira haikuwa kwa ajili ya tafsiri yangu. Nilijikasirikia mimi. Nimetumia miezi miwili nikipima kila neno ili lieleweke na kila mtu, na mstari pekee uliomfukuza mtu mlangoni, nimesoma na nimeelewa, niliutafsiri kwa sekunde nne huku nikiwaza chakula cha mchana.

Jumatano asubuhi nilimpigia simu Hilary Thackray, mkuu wa utumishi kule Leeds, ambaye ndiye aliyekuwa akinitumia kazi. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa na hoja zangu kwenye karatasi. Nikamwambia watu wa Hvidbak hawana ugomvi na kanuni, ila wanataka wasomewe kitabu chote kwa sauti, pamoja, kabla ya kusaini. Na ule mstari wa mwisho ubadilike useme: nimesoma au nimesomewa, na nimeelewa.

Akauliza kama hiyo ni desturi ya Denmark.

"Ya zamani sana," nikamwambia. Mungu anisamehe.

Nilimsikia akishusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo. Alisema wakubwa wake walikuwa wameshaambiwa kwamba Wadenmaki wamegoma, na tangu Jumatatu ameitwa kwenye vikao vitatu, na kama kinachotakiwa ni kusoma kwa sauti tu, basi tusome, tusome hata mara mbili. Mstari angeubadilisha yeye mwenyewe sasa hivi. Lakini Ijumaa saa sita inabaki Ijumaa saa sita, hilo halikuwa mikononi mwake. Nilipoweka simu chini nilikuta nimeivunja kalamu ya risasi vipande viwili bila kujua.

Alhamisi saa moja asubuhi mashine hazikuwashwa. Tulikaa kantini wote, Mogens naye, na mezani kulikuwa na mikate midogo ya moto, siagi, jibini na birika nne za kahawa. Gerda aliwaambia kwamba yule mfasiri ameomba kuwasomea, na hakusema zaidi, na hakuna aliyeuliza. Ejvind alikaa pale pake dirishani.

Nilisoma. Hakuna jambo linalomvua mwandishi nguo kama kusoma maandishi yake mbele ya maseremala. Nilipofika "bila nyinyi hakuna ngazi" mtu mmoja wa nyuma akasema polepole kwamba bila mbao pia hakuna, na wakacheka, nami nikacheka shingo upande. Nilipofika kwenye sera ya kwamba mlango wa meneja uko wazi siku zote, ikawa vurugu, kwa sababu ofisi ya Mogens haina mlango. Uling'olewa mwaka mashine ya kunakili ilipokataa kupita na haujarudishwa. Mogens akakiri kwamba hiyo sera wameitekeleza kabla ya Waingereza. Ukurasa kwa ukurasa walikuwa wananilegezea. Wakati mwingine waliniuliza, nami nikawajibu, na sentensi mbili nilizisahihisha papo hapo kwa kalamu, kwa sababu walikuwa sahihi.

Nilikuwa ukurasa wa thelathini na nane, sauti imekwaruza, nasoma kuhusu ajali kazini. Mfanyakazi aliyeumia atoe taarifa ndani ya siku tatu.

"Hapana," akasema mtu.

Niliinua macho. Alikuwa Ejvind. Alikuwa ameinua mkono kama mwanafunzi, na nadhani hakujua kwamba ameuinua.

"Mwanzoni ulisema siku moja," alisema. "Ulipokuwa unasoma habari za vyumba vya kubadilishia nguo. Ulisema, mtu yeyote aliyepata jeraha, hata dogo, aripoti kabla ya siku hiyo kwisha, la sivyo hatalipwa. Sasa unasema siku tatu."

Nikamwambia si kweli. Nilikuwa nimepita kwenye kitabu kile mara sita. Lakini nilirudi nyuma, ukurasa wa saba, na yalikuwepo, karibu neno kwa neno kama alivyoyasema. Nikatazama Kiingereza. Kosa lilikuwa huko huko, tangu mwanzo, na mimi nimelibeba kutoka lugha moja hadi nyingine kwa uangalifu mkubwa bila kuliona. Watu thelathini na mmoja walikuwa na vidole vyao kumi kumi, na wanafanya kazi na misumeno. Siku moja au siku tatu halikuwa jambo dogo pale.

Gerda alisimama, akapiga meza kwa kiganja.

"Nilijua," alisema. "Nilijua tangu Jumatatu. Mtu huyu hakatai kitu bure. Alikisoma kitabu chote, akaliona lile sisi wote hatukuliona, na hakutaka kujigamba."

Wakaanza kumpigia makofi. Si makofi ya fujo, makofi ya Salling, polepole, kila mtu akitazama kikombe chake. Mambo yalikuwa yamejipanga yenyewe. Ejvind alikuwa na sababu yake ya kukataa, sababu ya heshima, imetolewa bure mbele ya kila mtu. Angesaini, wote wangesaini, na siri ingebaki kwake na kwangu. Alinitazama. Nami nikamwashiria kidogo kwa kichwa: iache ilivyo.

Akasimama. Alishika ukingo wa meza.

"Sikuliona," alisema. "Nimelisikia sasa hivi, kama nyinyi. Mimi sijui kusoma."

Makofi yalikoma.

"Ragnhild alikuwa ananisomea. Karatasi zote. Sasa hayupo. Nilikataa kusaini kwa sababu hiyo tu, hakukuwa na nyingine. Mmeweka kazi zenu mezani kwa ajili yangu, siwezi kuwaacha mdhani nilikuwa na jambo la maana."

Akakaa. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni na anapumua kama aliyebeba ngazi nzima peke yake hadi ghorofa ya tatu. Nilimwona Mogens akitazama ndani ya kikombe kitupu. Niliogopa kwamba kile kimya chetu kitaanza tena, kwamba watatoka mmoja mmoja kwa adabu na kumwacha pale na maneno yake.

Gerda alikuwa bado amesimama na mkono mezani.

"Kwa hiyo," alisema taratibu, "sisi tulikuwa tunagomea nini?"

Aliyeanza kucheka ni Ejvind. Sikuwahi kujua kwamba ana kicheko, na nadhani wengi pale hawakujua. Kilitoka kifuani kama kitu kilichokuwa kimefungiwa humo, na kikawaambukiza, na meza kwa meza watu wakawa wanacheka mpaka wanafuta macho, wanagongana mabega, wanaulizana, wewe ulikuwa unagomea nini, mimi nilidhani wewe unajua, mimi nilidhani ni zile siku za likizo. Walikuwa wanaulizana. Jirani yake Ejvind, mtu aliyefanya kazi naye benchi moja kwa miaka kumi na tisa, alimimina kahawa kwenye kikombe cha mwenzake mpaka ikamwagika kwenye sahani, akasema angeweza kumsomea muda wote huo, si angesema tu. Ejvind akamwambia si ungeuliza.

Nilimpigia Hilary simu kutoka ofisi isiyo na mlango. Nilimweleza kuhusu ukurasa wa saba na wa thelathini na nane. Alikwenda kutafuta kitabu chake, nikasikia kurasa zinafunuliwa, kisha akasema kitabu hicho kimetumika kwao kwa miaka minane, watu mia nne wamesaini kwamba wamekisoma na kukielewa, yeye mwenyewe akiwemo. Alisema iwe siku tatu. Ataandika sasa hivi, pande zote mbili. Akaniuliza ni nani aliyeligundua. Nikamwambia ni seremala wetu mmoja, msikilizaji mzuri. Karatasi thelathini na moja ziliondoka Hvidbak kwa faksi siku hiyohiyo kabla ya saa nane mchana, na ya Ejvind ilikuwa juu, jina limeandikwa kwa herufi safi zilizosimama wima.

Jumatatu iliyofuata nilipeleka kurasa zilizosahihishwa. Nilifika wakati wa chai ya asubuhi na nikakuta watu wamezunguka meza ya dirishani. Ejvind alikuwa amekuja na mfuko wa plastiki wenye barua zote zilizofika nyumbani kwake tangu Februari, hazijafunguliwa hata moja. Gerda alikuwa anazichana kwa kisu cha siagi na kuzigawa, na kila mtu anasoma yake kwa sauti kwa zamu. Manispaa ilitaka kujua habari za pipa la taka. Duka la mbegu lilikuwa na punguzo la vitunguu, lililokwisha Mei. Binamu wa Ragnhild kutoka Aalborg aliandika mara tatu, kila mara akiuliza kwa nini hajibiwi.

Iliyofuata ilinifikia mimi. Ilikuwa ya mchonga mawe wa Skive, ya mwezi wa Aprili. Alieleza kwamba jiwe la kaburi la Ragnhild liko tayari, jina na tarehe zimeshachongwa, na anasubiri tu kuambiwa maneno ya chini yawe yapi. Wengi, aliandika, huchagua "Asante kwa yote".

Niliisoma yote, kisha nikaiweka mezani. Ejvind alikuwa amedhani lile jiwe limechelewa tu. Kila Jumapili alikwenda makaburini akakuta udongo mtupu, na hakumuuliza mtu. Mmoja akasema "Asante kwa yote" ni maneno mazuri, mama yake pia anayo. Mwingine akasema kuna wanaoandika "Pumzika". Gerda akawaambia wanyamaze, mwenyewe yupo.

Ejvind alifikiri. Wala hakuchukua muda mrefu.

"Mwandikie," aliniambia, "aweke: Alinisomea."

Nikaandika. Alitaka aone jinsi lilivyo kwenye karatasi, nikamgeuzia, akalitazama herufi moja moja, akaniuliza ipi ndiyo ya kwanza. Nikamwonyesha. Kisha akachukua kalamu akaweka jina lake chini, na Mogens akaenda kutafuta stempu.